Saa Mbili za Kubana Mkojo

Mama yangu hakuwa mtu wa kusema habari za mwili wake. Alizaa watoto watano akihama kambi moja ya jeshi hadi nyingine nyuma ya baba yetu, na sikumbuki kumsikia hata siku moja akisema kichwa kinamuuma. Kwa hiyo mkojo wake ulipogeuka mwekundu, hakumwambia mtu. Alikuwa akiishi Koboko, mpakani mwa Uganda na Sudani Kusini, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, na mimi niko Arua, mtaa wa Oli, ambako nina mashine mbili za kufuma sweta za shule. Alikuja kunitembelea wiki ambayo shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nyumba nzima imejaa nyuzi za bluu na kijani. Asubuhi nikakuta bafuni beseni ambalo hakulisuuza vizuri. Maji yaliyobaki yalikuwa na rangi ya karkade, ile chai nyekundu ya maua makavu inayouzwa sokoni na akina mama wa Sudani Kusini.

"Mama, hii nini?"

"Karkade," akasema bila kunitazama. "Siku hizi mimi nakunywa karkade mingi."

Ni kweli aliipenda. Basi nikaificha, na kwa siku tatu nikampa chai ya maziwa tu. Siku ya nne nikachungulia beseni tena.

"Mama, sasa hii karkade inatoka wapi?"

Akakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. "Inatoka ndani," akasema mwishowe. "Tangu watu navuna simsim."

Nikahesabu kwa vidole tangu mavuno ya ufuta. Ilikuwa miezi mitano.

Niseme kidogo kuhusu Kiswahili chetu, maana wasomaji wa kwingine watashangaa. Mama ni Mkakwa wa Koboko, baba alikuwa Mlugbara wa Aroi, na lugha iliyowakutanisha ni hii ya kambini, isiyojali sana ngeli. Mimi nilikuja kusoma kile cha vitabuni baadaye, lakini nikiwa na mama narudi kwenye kile alichonilea nacho. Sijawahi kukionea haya. Ndicho alichotumia kunibembeleza, na ndicho alichotumia kubishana na madaktari.

Hospitali ya kwanza, hapo hapo mjini, walimpaka mafuta ya baridi tumboni, wakapitisha kile kifaa cha kupiga picha, wakaona kinyama kimeota ndani ya kibofu. Wakatupeleka kwa daktari wa njia ya mkojo. Alikuwa bado kijana, amesomea Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi kila neno. Mama alimwogopa kidogo kwa sababu hiyo.

"Mama, unavuta sigara?"

"Hapana. Mimi hapana vuta sigara."

Nikakohoa. Mama akanikazia macho. "Yeye nauliza sigara. Mimi najibu ya sigara."

"Na tumbaku je?" daktari akauliza.

"Tumbaku, ndiyo. Tumbaku nalima mwenyewe."

Akamweleza bila aibu. Anaipanda, anaikausha, anaisokota, na kuivuta kama wanawake wa rika lake wanavyovuta, upande wa moto ukiwa ndani ya mdomo. Daktari akauliza ameanza lini. Mama akasema tangu alipokuwa na tumbo la mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo ni mimi, na siku ile mbele ya daktari nilikuwa na miaka hamsini na miwili. Daktari akanitazama kama mtu anayesoma tarehe kwenye chupa ya dawa.

Kisha akamwambia polepole kwamba sumu ya tumbaku haibaki kifuani peke yake. Inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, inashuka na mkojo, halafu inakaa kibofuni ikingoja kutolewa. Imekaa hapo miaka hamsini, kila siku, ikilamba ukuta.

Mama akasikiliza. Akafungua fundo la kitenge, akatoa bonge lake la tumbaku, akaliweka juu ya meza ya daktari, kati ya kompyuta na mihuri.

"Chukua," akasema. "Lakini wewe hapana vuta."

Sijui alipata wapi nguvu hiyo. Hakuvuta tena tangu siku ile, ingawa mwezi wa kwanza nusura atuue sisi badala ya tumbaku kumuua yeye.

Upasuaji ulifanyika Kampala. Hawakumchana popote. Walimchoma sindano mgongoni, miguu ikafa ganzi, wakapitisha kamera nyembamba kwa njia ya mkojo, na pembeni kulikuwa na televisheni. Mimi nilingoja nje nikisali sala zote ninazozijua na nyingine nilizobuni. Yeye huko ndani alikuwa macho, akitazama. Walipomtoa kwenye kitanda cha magurudumu nilikuwa nimeandaa maneno ya kumfariji, lakini hakunipa nafasi.

"Mimi naona ndani yangu," akasema, macho yanang'aa. "Iko rangi ya waridi. Safi kuliko nyumba yako. Halafu pale kwa kona iko kitu kama uyoga ya kichuguu. Wao nakwangua, nakwangua, uyoga naruka kama chenga ya televisheni."

Kwa siku tatu kila mgonjwa wa wadi ile alielezewa uyoga. Nikacheka pamoja naye, na kila nilipocheka nilihisi nimemwibia mtu kitu, kwa sababu bado hatukuwa na majibu ya maabara.

Majibu yalikuja. Ilikuwa saratani, lakini haikuwa imechimba hadi kwenye msuli. Tukiwa tumerudi Arua, yule daktari akatuketisha.

"Uvimbe tumeuondoa," akasema. "Lakini saratani ya namna hii hupenda kurudi. Kwa hiyo tutatia dawa ndani ya kibofu chenyewe, mara moja kwa wiki, kwa wiki sita. Dawa yenyewe ni vijidudu hai vya chanjo ya kifua kikuu, ile wanayochanjwa watoto wachanga. Vimedhoofishwa."

Mama akanigeukia. Hakutaka kumwuliza mwenyewe. "Huyu mutu nataka kupa mimi TB ya kibofu?"

Daktari alielewa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Akavuta kiti chake karibu. "Mama, mwili wako una askari. Tatizo ni kwamba wamelala, na saratani inapita mbele yao kama mtu wa nyumbani. Hivi vijidudu askari wanavifahamu vizuri sana. Vikiingia kibofuni, wataamka wote na kukimbilia pale na silaha zao. Wakishafika, wataikuta na saratani imekaa hapo. Haitakuwa na pa kujificha."

Mama alikuwa mke wa askari miaka thelathini na moja. Akaegemea kiti, hofu ikamtoka usoni.

"Hiyo najua," akasema. "Askari iko namna hiyo. Bila tarumbeta nalala tu."

Matibabu yalikuwa kila Jumatano. Dawa ilifika kutoka Kampala katika sanduku la barafu, na siku yenyewe mama hakuruhusiwa kunywa kitu tangu asubuhi. Walitupa chumba kidogo chenye vitanda viwili na pazia katikati. Sista aliyekisimamia alikuwa mwanamke mkubwa wa Adumi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na alipoingia amevaa gauni la plastiki, barakoa na glavu mbili mbili, mama alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Sista, mbona navaa kama nakwenda kulina asali?"

"Dawa iko hai, mama. Ikimwagika si mchezo. Lala."

Akaingiza mpira mwembamba, akasukuma dawa taratibu, akautoa mpira. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Kisha akasimama na kutoa amri. "Sasa hapana kojoa saa mbili. Kila dakika kumi na tano unageuka. Mgongo, ubavu wa kulia, tumbo, ubavu wa kushoto. Dawa ifike kila kona. Wewe binti, shika saa."

Basi nikashika simu mkononi, na mama akalala kama chapati inayosubiri kugeuzwa. Dakika tano hazijaisha, sauti ya mwanamume ikatoka nyuma ya pazia.

"Mama, hiyo mwanzo iko rahisi. Ngoja dakika ya mia."

Sista akavuta pazia. Kitandani kulikuwa na mzee mrefu, mwembamba, miguu imepita mwisho wa godoro. Alikuwa Msudani Kusini aliyehamia Arua na binti yake, mfanyabiashara wa vitambaa, na hiyo ilikuwa Jumatano yake ya kwanza pia, ila alikuwa ametangulia kwa nusu saa, na nusu saa hiyo ilimfanya ajione mkongwe. Mama alimwuliza kazi yake ilikuwa nini huko kwao. Akajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba.

"Mimi fundi wa visima. Miaka thelathini natoa maji kwa ardhi. Sasa uzee, naambiwa zuia."

Mama alianza kucheka, akajishika haraka, maana kucheka kulikuwa hatari. Mabega yakatikisika, uso ukakunjamana, na mimi nikaona machozi yakimshuka kwenye mto. Yule mzee akaona amepata silaha. Akaanza kusimulia kisima alichochimba mahali fulani, jinsi mashine ilivyoguna siku tatu, halafu siku ya nne chini kabisa wakasikia shhhhh.

"Mzee, nyamaza," mama akasema kwa meno yaliyobanwa.

"Shhhhh," mzee akaendelea kwa upole, "halafu maji ikapanda, baridi, nyingi, mpaka kwa viatu."

"Sista," mama akaita. "Huyu mutu nataka ua mimi."

Sista akachungulia mlangoni. "Hapa ni wadi au ni sinema?" Lakini naye alikuwa amegeuza uso ukutani ili tusimwone.

Vitanda vilikuwa vimewekwa kichwa kwa miguu, kwa hiyo walipolala ubavu wa kulia walipeana mgongo. Zamu ya ubavu wa kushoto walitazamana, na kwa kuwa saa zao hazikulingana, mama aliniomba nichelewe kidogo kumgeuza ili walingane. Mama na yule mzee, kwa pamoja karibu miaka mia na hamsini, walikuwa wakigeuka kwa wakati mmoja kama watoto wanaoviringika kwenye majani, wakiambiana mambo ya watoto wao, ya vita, ya bei ya simsim, na kila aliyetaja neno maji alitozwa faini ya kuimba wimbo wa kanisani. Saa zake mbili zilipotimia mzee hakuondoka. Alisema angemngoja mama ili pasiwe na maneno kuhusu nani amebana zaidi. Saa za mama zilipotimia, naye akasema hana haraka. Wakakaa kwenye benchi ya koridoni, mikono imekunjwa, kila mmoja akitazama mbele. Mzee ndiye aliyeinuka kwanza. Alijaribu kutembea kwa heshima hatua nne, halafu akakimbia.

Mama alimpa muda wa kutosha kufika, kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Nishike mkono. Mimi hapana ona mlango."

Nyumbani kulikuwa na sheria nyingine. Kwa saa sita, kila akitoka chooni ilibidi kumwaga klorini na kuiacha robo saa, ili vijidudu visibaki. Mama, akiwa mke wa askari, alitii kupita kiasi. Choo changu cha Oli, cha shimo, kikawa cheupe na harufu yake ikavuka ua. Jirani mmoja alikuja kuniuliza kama tunategemea mgeni mkubwa. Mkojo ulimchoma mama siku ile na kesho yake, alienda na kurudi, kwenda na kurudi, na kila akitoka alinipa taarifa.

"Askari naamka," alisema. Au: "Leo napigana kweli kweli."

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa tumbaku. Mikono yake haikujua pa kukaa. Nilimnunulia karanga za kukaanga, akazimaliza kwa siku mbili, akawa mkali, akagombana na kuku. Nikamketisha kwenye mashine ya pili ya kufuma. Hakuwahi kuigusa maishani. Alifuma sweta ya kijani yenye shingo nyembamba kiasi kwamba hata kichwa cha paka kisingepita, akaikunja vizuri na kutangaza kwamba ni zawadi ya sista. Jumatano iliyofuata sista aliipokea kwa mikono miwili, akaipima kwenye mkono wake, na kusema itamfaa kama soksi.

Sikudhani naweza kuita wiki zile furaha, lakini zilikuwa furaha. Nilikuwa naamka Jumatano nikihisi kama mtoto siku ya soko. Ninafunika mashine, ninapiga simu kwa binti wa mzee kujua kama wameshatoka, ninaficha chupa zote za maji njiani. Nilicheka zaidi katika chumba kile kuliko harusini kwangu. Nilidhani pengine nimechanganyikiwa. Nikamwambia sista, naye akasema ameona watu wengi wakilia wadini, na hajawahi kumwona aliyepona kwa sababu hiyo.

Wiki ya nne, siku moja baada ya dawa, mama alishikwa na homa. Ilimpanda alasiri, akatetemeka mpaka meno yakagongana, na hakufanya mzaha wowote. Hilo ndilo lililonitisha. Daktari alikuwa ametuonya: homa ndogo ya siku moja ni kawaida, homa kali njooni mara moja, kwa sababu vijidudu vile ni hai na mara chache hutoka nje ya kibofu na kuleta madhara mwilini. Nikampeleka. Walimlaza, wakamtoa damu, wakamwekea dripu. Mimi nikaketi koridoni kwenye ile benchi ya mashindano, nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya beseni. Nililia kwa kelele, sikujali. Sista wa Adumi akaja akaketi karibu yangu, benchi ikalia pia, akanipa kipande cha muhogo wa kuchemsha kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Tukala muhogo.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Vipimo havikuonyesha kitu cha kutisha. Daktari akaahirisha dawa kwa wiki moja. Nilipoingia, mama alikuwa amekaa kitandani akiuliza kama mzee ameshaambiwa kwamba yeye hakushindwa, ameahirishwa tu.

Wakamaliza dozi sita, kila mmoja kwa wakati wake. Kisha tukangoja, na muda ulipofika wa kuchungulia tena kwa kamera, daktari akawaita wote wawili siku moja. Mama akaingia kwanza. Nikahesabu vigae vya sakafu. Alipotoka alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba mayai.

"Hapana uyoga," akasema.

"Hapana hata kidogo?"

"Hata mbegu yake."

Nilimkumbatia, nikamwinua kutoka sakafuni, kitu ambacho binti hamfanyii mama yake mbele za watu. Miguu yake ikaning'inia. Alinipiga mgongoni nimshushe, nami nikazunguka naye mara moja zaidi. Halafu mlango ukafunguliwa, na mzee akasimama pale, na tukamwona uso, na nikamweka mama chini.

Kwake kulikuwa na madoa mawili madogo.

Alimwomba mama aingie naye kwa daktari, na binti yake, na mimi, kwa kuwa alisema kichwa chake kimejaa na anataka masikio mengine. Daktari alituambia kwamba kurudi mara moja si mwisho. Angeyakwangua madoa, kisha wangerudia wiki sita.

"Na kama dawa nakataa tena?" mzee akauliza.

"Kuna njia nyingine. Kuna dawa za dripu, zinatolewa Kampala, si rahisi kuzipata. Saratani ina ujanja wa kumshika askari mkono na kumwambia, mimi ndugu yako, niache. Dawa hizo zinauachanisha mkono huo. Na kuna upasuaji, wa kutoa kibofu chote. Sitaki kuuficha." Akamgeukia mzee. "Na kuna dawa nyingine ambazo wataalamu bado wanazijaribu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna kitabu cha maagizo. Saratani mara nyingine haichani kurasa. Inazigandisha tu, zisisomeke. Ukurasa unaosema acha kukua, imeugandisha. Ukurasa unaosema jionyeshe kwa askari, imeugandisha. Dawa hizi zinagandua kurasa. Herufi zinabaki zilezile, ila sasa zinasomeka. Wanatumaini kwamba zikitiwa pamoja na zile za kuamsha askari, zitasaidiana."

"Iko hapa?"

"Hapa bado. Na huko ziliko bado wanapima kama zinafaa kwa kibofu. Nakuambia ili ujue kwamba watu hawajalala. Siahidi kitu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama, ambaye alikuwa amekunja uso muda wote, akafungua mdomo.

"Majani ya tumbaku kama nashikana, hapana vuta kwa nguvu. Napasuka. Naweka kwa mvuke kidogo, naachana yenyewe."

Daktari akamtazama muda mrefu. "Mama," akasema, "mimi nimelisoma jambo hilo kwa miaka, na sijawahi kulieleza vizuri hivyo."

Mama akainamisha kichwa kwa haya, kwa sababu alikuwa ametaja tumbaku. Mzee akaanza kucheka. Alicheka kwa kifua chake chembamba mpaka binti yake akamshika bega, na sisi wote tukaambukizwa, hata daktari, tukacheka pale chumbani kuhusu majani ya tumbaku huku madoa mawili yakiwa bado ndani ya mtu.

Mzee alikwanguliwa, akapona kidonda, akaanza upya. Kwa bahati mama naye alipaswa kurudi kwa dozi tatu za kulinda, Jumatano tatu, zikaangukia mwanzo wa zile za mzee. Vitanda vikawa vilevile. Lakini mzee alikuwa amebadilika. Hakusimulia visima. Aligeuka alipoambiwa ageuke, akitazama dari.

Jumatano hiyo ya kwanza, saa mbili zilipotimia sawasawa, mama aliruka kitandani kama aliyeumwa na siafu. "Mimi nashindwa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mapokezi, na akakimbia. Mzee akainua kichwa. Akabaki kitandani dakika nyingine saba, kwa makusudi, tabasamu likimpanda polepole kama maji ya kisima.

Chooni nilimkuta mama amesimama tu, hana haraka yoyote. Nilimjua. Mtu huyu aliwahi kubana kutoka Koboko hadi Arua kwenye barabara mbovu.

"Mama, wewe nadanganya."

"Mzee iko na haja ya kushinda kitu," akasema. "Funga mlango."

Dozi zake tatu ziliisha. Jumatano ya nne hakukuwa na sababu ya kwenda. Asubuhi nikamkuta amevaa, hajanywa chai wala maji. Tukaenda. Sista alipomaliza kumtia mzee dawa, mama akapanda kitanda cha pili kilichokuwa wazi, akalala chali, akaniambia nishike saa. Hakuwa na dawa wala mpira. Aligeuka kila dakika kumi na tano, kulia, tumbo, kushoto, na alibana saa mbili nzima pamoja naye. Sista alifanya kana kwamba hamwoni. Mara ya pili alipopita alimletea mto. Mzee naye hakuuliza. Kwenye zamu ya ubavu wa kushoto, walipotazamana, alisema tu, "Iko kisima moja sijakuambia," na mama akafunika masikio.

Majibu ya mzee yalitoka mwezi wa mvua. Alifungua mlango wa daktari, akatazama kila mmoja wetu, kisha akasema, "Kwes," yaani vizuri, kisha akasema tena, "Kwes," kana kwamba anajaribu kama neno lenyewe bado linafanya kazi. Binti yake akakaa sakafuni. Mama, ambaye sijawahi kumwona akimgusa mwanamume asiye baba yetu, alimpiga kofi la mgongo lililomsogeza hatua mbili. Sista wa Adumi akapiga vigelegele, akakumbuka yuko wapi, akajiziba mdomo, akashindwa, akapiga tena.

Wote wawili bado wanachunguliwa kila baada ya miezi michache. Daktari amesema itakuwa hivyo kwa miaka. Mama anauita ukaguzi wa gwaride.

Jumapili baada ya majibu hayo mzee na binti yake walikuja kula kwetu Koboko, ambako mama alikuwa amesharudi. Mama alichinja kuku wale aliogombana nao, ambao nilikuwa nimempelekea. Akina mama wa kanisa wakaja, mchungaji akaja, na chakula kilipokuwa kimeiva mama akasimama kutoa shukrani. Tulitegemea mistari miwili ya zaburi. Yeye akaanza na damu ya kwenye mkojo. Akaeleza rangi. Akaeleza kamera inapita wapi, na alipoonyesha kwa kidole mchungaji akatazama sahani yake. Akaeleza kuhusu tumbaku, huku wanawake watatu wa rika lake wakisogeza mikono yao polepole kufunika mafundo ya vitenge. Watu wakacheka mpaka wakalala juu ya mikeka, na mzee akaombwa kutoa ushuhuda wa shhhhh.

Katikati ya kelele hizo mwanamke mmoja alinifuata jikoni. Ni jirani wa mama, mjane, mpika pombe ya mtama, mtu wa maneno machache. Alisimama karibu na jiko akijifanya anatafuta kijiko.

"Hiyo ya mama yako," akasema. "Ya rangi. Ilikuwa inauma?"

"Hapana. Haikuuma kabisa."

"Na yangu hapana uma," akasema.

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu Pasaka. Sikumwita mama. Yeye mwenyewe alikuwa ameshafika mlangoni, na sahani mkononi, na alikuwa amesikia. Akaweka sahani chini, akamshika yule mwanamke kiwiko, akamwambia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi awe barabarani, aje na kitenge cha kubadilisha na daftari lake la kituo cha afya, na asimwogope kijana daktari, Kiswahili chake kimenyooka lakini yeye mwenyewe ni mtu mzuri.

Jumatatu alikuwa barabarani kabla yetu.